Limau na Jua

Kazi ya kufua na kunyoosha shuka za watu wengine ina namna yake ya kumzeesha mtu. Haianzi na mgongo kama wengi wanavyodhani, wala haianzi na magoti. Huanza na pua. Mvuke wa mashine, klorini inayomiminwa kwenye mapipa, sabuni ya unga inayoelea hewani kama vumbi la kinu: vyote hupitia matundu hayo hayo mawili, asubuhi hadi jioni, mwaka nenda mwaka rudi, hadi siku moja mtu anainama juu ya sahani yake na kugundua kwamba anakula joto na chumvi tu.

Bi Pasi aligundua hivyo miaka mingi kabla hajastaafu kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, kule chini ya ngazi, ambako madirisha yalikuwa karibu na dari na madobi walichokiona cha dunia ni viatu vya wapita njia. Hakumwambia mtu. Kwanza alidhani ni mafua. Mafua yalipogoma kuisha, alinyamaza kwa sababu nyingine: mkuu wa zamu aliwapima wafanyakazi kwa pua. Shuka ilitolewa kwenye kikaushio, ikanuswa, ndipo ikakunjwa. Dobi asiyenusa angepelekwa kusugua ngazi. Kwa hiyo Bi Pasi alijifunza kunusa kwa macho. Aliinamisha uso kwenye shuka kama wenzake, akavuta pumzi, kisha akamtazama aliyesimama upande wa pili wa meza. Mwenzake akikunja uso, naye alikunja. Mwenzake akiitikia kwa kichwa, naye aliitikia. Hakuna aliyemshtukia, hata mumewe, Mungu amrehemu, ambaye maisha yake yote alijisifu kwamba amepata mke asiyelalamikia soksi.

Sasa Bi Pasi, maana mtaa uliendelea kumwita hivyo hata baada ya kuiacha pasi yenyewe, alikuwa na shuka za mtu mmoja tu, mama yake. Kiharusi kilimpiga mama upande wa kulia na kumwachia neno moja. Neno hilo lilikuwa "bado". Umeshiba, mama? Bado. Umelala vizuri? Bado. Nikugeuze? Bado. Mwanzoni binti alijitahidi kutofautisha bado ya njaa na bado ya usingizi. Baadaye alichoka, akawa anauliza na kujijibu mwenyewe, na wote wawili wakaridhika.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na nyuma yake ua wa saruji wenye kamba za nguo zilizofungwa kutoka ukutani hadi kwenye mguu wa tangi la maji. Kila siku ilikuwa kama jana yake. Kumwogesha mama kitandani juu ya karatasi la plastiki, kumbadili nepi, kumlisha uji kijiko kwa kijiko, kumbeba hadi kwenye kiti cha magurudumu, kumsukuma uani apate jua la asubuhi. Halafu shuka. Halafu sakafu. Halafu kumrudisha ndani, na mzunguko kuanza upya. Bi Pasi mwenyewe hakuwa msichana. Mvi zilikuwa zimeshamfika kwenye nyusi. Mwili wake ulikuwa umejifunza kusinzia umesimama, mkono mmoja juu ya kamba, kama nguo iliyosahaulika kuanuliwa.

Kuhusu usafi hakutaka mchezo. Kwa kuwa pua haikumsaidia, alipima kwa kiungo kingine. Alimimina klorini kwenye ndoo ya kupigia deki mpaka macho yakaanza kumwasha. Yakiwasha, alijua pamekuwa safi. Yasipowasha, aliongeza.

Mdogo wake, ambaye alikuwa na duka la vipuri vya magari upande wa pili wa mji, alikuja kumwona mama kila Jumapili akiwa na mkewe. Mkewe alikuwa msusi mwenye saluni yake, mwanamke wa kucheka haraka na kukasirika haraka, ambaye hakuwahi kumfanyia wifi yake jambo baya zaidi ya kumwambia kweli wakati usiofaa. Jumapili moja alikaa karibu na mlango, akavuta ncha ya mtandio hadi puani.

"Wifi," alisema, "harufu ya humu ndani itakuja kutumaliza siku moja."

"Nimepiga deki asubuhi," Bi Pasi alisema.

"Najua umepiga deki. Nasema tu. Mimi kichwa kinaniuma nikitoka hapa, na mimi nashinda na dawa za nywele."

Mdogo wake alikohoa. Alikuwa mvutaji sigara, na harufu za dunia kwake zilikuwa mbili tu, sigara na petroli. Lakini neno la mkewe alilidaka na kulikimbiza.

"Dada, tusidanganyane," alisema. "Umechoka. Mtu yeyote akikuona anajua umechoka. Hali ikiwa hivi, mama namchukua. Chumba cha nyuma kipo."

Bi Pasi alikijua chumba cha nyuma. Mama aliwahi kulala humo mara moja, wakati Bi Pasi mwenyewe alipolazwa kwa upasuaji wa tumbo. Kilikuwa chumba cha kuwekea matairi. Hakuna aliyemtesa bi mkubwa humo. Walimpenda, walimchungulia, walimwekea redio. Ila hakuna aliyekuwa na muda wa kumgeuza, na alirudi na kidonda cha kulalia kwenye nyonga ambacho kilichukua msimu mzima kufunga. Tangu hapo, neno "namchukua" lilimkumbusha Bi Pasi kidonda kile. Na hapo hapo, jambo ambalo asingemwambia mtu, upande mmoja wa moyo wake uliona kitanda kitupu, na yeye akiwa amelala juu yake mchana kutwa. Upande huo aliuonea haya kuliko kitu chochote.

Kilichobaki ni kuuliza swali moja: harufu ya nini? Lakini swali hilo huulizwa na mtu asiyenusa, na mtu asiyenusa hakabidhiwi mgonjwa. Kwa hiyo hakuuliza. Alijijibu mwenyewe, kama alivyozoea kumjibu mama. Mama ananuka. Nepi, godoro, ngozi ya uzee. Nini tena?

Jumapili iliyofuata msusi alikuja na chupa ndogo ya kahawia yenye kizibo cha kudondoshea matone.

"Mafuta ya limau hayo, wifi. Yale yenyewe, yanayokamuliwa kwenye maganda, siyo manukato ya kubabaisha. Mimi saluni nina kile kichombo cha umeme kinachotoa moshi, natia humo. Wewe tia kwenye maji. Matone machache tu, utaona nyumba inavyobadilika."

"Machache ni mangapi?"

"Machache, wifi. Utasikia mwenyewe."

Hapo ndipo shida ilipoanza, maana mwenyewe hakusikia. Alitia matone kwenye ndoo, akainama, akavuta pumzi: maji. Akaongeza: maji. Mafuta yalielea juu kama macho ya samaki, kwa hiyo alitia sabuni yachanganyike, akaongeza tena, na juu yake akamimina klorini yake ya kila siku, maana hakuona sababu ya rafiki mpya kumfukuza rafiki wa zamani. Siku hiyo macho yaliwasha vizuri sana. Kifua pia kilibana kidogo, lakini kifua cha dobi mstaafu kina tabia ya kubana. Alidondoshea kwenye mapazia. Alidondoshea kwenye ndoo ya nepi. Alipakaza juu ya balbu ya taa ya chumbani, kwa sababu aliwahi kuona hotelini wakifanya kitu kama hicho, na balbu ikatoa moshi mwembamba uliomfanya mama apige chafya mfululizo.

Dalili zilikuwepo, kwa mtu mwenye nafasi ya kuziona. Kikombe cha plastiki alichochanganyia kililainika ukingoni, kikawa kinanata, kisha kikapinda kama mdomo wa mtu aliyenuna. Alikitupa, akachukua kingine. Meza ya mbao kando ya kitanda ilipoteza vanishi palipodondokewa, ikabaki na mabaka meupe. Paka wa mama, aliyekuwa akilala miguuni pa kitanda tangu enzi na enzi, alianza kudondosha mate na kutembea kama mlevi, halafu siku moja akahama bila kuaga. Fundi saa wa nyumba ya pili aliita juu ya ukuta.

"Bi Pasi, mgeni wako yuko kwangu. Amekula, amelala, hana mpango wa kurudi."

"Ana nini?"

"Nadhani anasema kwako pamegeuka kiwanda cha soda. Hata mimi nasikia mpaka hapa. Leo nimetengeneza saa ya mtu huku natamani limau."

Fundi alicheka, na Bi Pasi, ambaye alikuwa akimtazama usoni kwa makini, aliona kicheko tu, hakuona kukunja uso. Alirudi ndani amefarijika. Limau lilikuwa limefika mpaka kwa jirani. Basi kilichobaki ni mama mwenyewe.

Na hapa ndipo alipofanya kosa ambalo mwalimu asingelifanya, wala mpishi, wala daktari. Ni dobi tu angelifanya. Dobi ana sheria mbili zilizomwingia kwenye mifupa. Ya kwanza: doa sugu hulilowanishi kwanza, unalipaka dawa kavu, kali kama ilivyo, juu ya doa lenyewe. Ya pili: shuka nyeupe iliyoota umanjano unaipaka limau na kuianika juani, na jua ndilo linalomaliza kazi. Bi Pasi alikuwa ameokoa vitambaa vingi vya meza kwa njia hiyo, vitambaa ambavyo wakubwa walikwisha kuvikatia tamaa. Katikati ya juma, alipomwogesha mama, alimtazama mikono ile myembamba yenye mikunjo, akaona nguo ya zamani iliyohifadhiwa vibaya. Alimimina mafuta kiganjani, hayo hayo, bila kuyachanganya na kitu. Alimpaka shingo. Alimpaka mikono kutoka begani hadi vidoleni. Halafu, viganja vikiwa bado vinang'aa, alimshika mama mkono, juu ya kiwiko, kwa nguvu, kama ilivyobidi kila siku, akamnyanyua na kumweka kwenye kiti.

"Leo utanukia mpaka wakushangae," alimwambia.

"Bado," alisema mama.

Akamsukuma uani, katikati ya shuka zilizoanikwa, akamvulia mtandio ili jua lifike vizuri. Lilikuwa jua la baada ya mvua, jeupe, lisilo na huruma. Bi Pasi alikaa chini akaegemeza kichwa kwenye gurudumu la kiti na kusinzia. Alipoamka kivuli kilikuwa kimehama, na mama alikuwa akijikuna kwa mkono wake mzima, taratibu, kwa bidii, kama mtu anayefuta kitu ubaoni.

Kesho yake ngozi ilikuwa nyekundu. Alidhani ni joto tu. Akampaka tena kidogo, akamtoa tena nje, maana Jumapili ilikuwa inakaribia. Siku iliyofuata ngozi ilivimba na kutoa malengelenge, yaliyojaa maji kama shanga. Kwenye shingo yalishuka kwa mistari, palipotiririka mafuta. Kwenye mkono wa juu yalijipanga upande huu vidole vinne na upande wa pili kidole gumba.

Bi Pasi alikaa akaitazama alama ile kwa muda mrefu. Alijua mkono wa nani. Aliweka mkono wake juu yake bila kugusa, ukaenea barabara. Asichokijua ni jinsi ilivyotokea, maana hakuwa amemfinya, wala maji ya kuoga hayakuwa ya moto. Alikuwa ameyapima kwa kiwiko kama siku zote. Hakuwaza limau hata kidogo. Limau kwake lilikuwa kitu kisafi, kitu cha kuliwa. Alimvika mama gauni la mikono mirefu na kumfunga kitambaa shingoni, na Jumapili aliwapokea wageni akiwa amesimama kati ya kitanda na mlango.

Mdogo wake aliinama kumsalimu mama, akamshika mkono. Mama alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Mkono wa gauni ulikuwa umenata kwenye ngozi. Aliupandisha polepole.

"Dada," alisema. "Hivi ni vidole."

"Nimeona."

"Umeona. Umeona halafu umemvika gauni." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Nani kamshika mama hivi?"

"Mimi ndiye ninayemshika. Kuna mwingine?"

"Kwa nini? Na haya malengelenge, ni maji ya moto?"

"Sijammwagia maji ya moto."

Aligeuka kwa mama, akapiga magoti. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na mvi ndevuni, lakini magoti yake yalishuka kama ya mtoto. "Mama, dada amekuunguza?"

"Bado," alisema mama.

Msusi aliweka mkono mdomoni. Katika hali nyingine yoyote wote wanne wangecheka mpaka machozi. Hakuna aliyecheka.

"Namchukua," alisema mdogo mtu. "Leo hii. Sitaki maneno."

"Kwanza daktari," alisema mkewe. "Utamweka na vidonda hivyo kwenye matairi?"

Kituo cha afya cha mtaa Jumapili kilikuwa na muuguzi mmoja, mwanamke wa makamo aliyekuwa amevua viatu chini ya meza na kuvitafuta kwa vidole vya miguu walipoingia. Hakuuliza mengi. Alimfungua mama kitambaa, akatazama shingo, akatazama mkono, akaugeuza kuelekea dirishani. Kisha akasogeza uso karibu na bega la mama na kuvuta pumzi.

"Mmempaka nini?"

"Mafuta ya limau," alisema Bi Pasi.

"Yale ya chupa ndogo? Mliyachanganya na nini?"

"Hayakuchanganywa."

"Halafu akakaa juani."

"Kila asubuhi anakaa juani."

Muuguzi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amechoka namna ambayo Bi Pasi aliitambua mara moja, uchovu wa mtu anayehesabu ni nani bado hajageuzwa.

"Hajafinywa huyu," alimwambia mdogo mtu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono kifuani. "Wala si maji ya moto. Mafuta yanayokamuliwa kwenye maganda ya limau au ndimu yana kitu kinachogombana na jua. Ukiyapaka kwenye ngozi ukakaa kivulini, pengine utawashwa tu. Ukitoka juani, ngozi inaungua kweli kweli, na inaungua pale pale yalipogusa, zaidi pale yalipokolea. Ukimshika kwa vidole, inaungua vidole. Juzi juzi nimempata muuza vinywaji, alikamua ndimu siku nzima juani, mikono yote imejaa malengelenge."

"Kwa hiyo yule aliyeyauza," alianza mdogo mtu.

"Yule aliyeyauza ameuza mafuta ya kunukisha nyumba. Hayapakwi makavu kwenye ngozi ya mtu yeyote, sembuse ya mzee. Ndani ya nyumba, tia matone mawili matatu kwenye kichombo cha moshi au bakuli la maji, dirisha wazi, si siku nzima. Mbali na jiko na balbu, maana yanashika moto. Mbali na watoto, maana yananukia kama kinywaji na si kinywaji. Una paka?"

"Amehama," alisema Bi Pasi.

"Ana akili. Paka hawayawezi. Na chupa ikikaa wazi muda mrefu, itupe. Yanachacha, na yakichacha ndiyo yanawasha zaidi." Alikuwa akizungumza huku akiweka kitambaa baridi chenye maji juu ya mkono wa mama, kwa wepesi. "Malengelenge msiyapasue. Nitawapa dawa ya kupaka na bandeji. Mzibadilishe kila siku, na ngozi hii isione jua mpaka ipone. Itabaki na weusi kwa miezi, msishtuke. Utaondoka wenyewe." Kisha akamgeukia Bi Pasi. "Ila nikuulize, dada yangu. Mama bado ananukia limau mpaka mlangoni. Ulipoyapaka hukusikia ukali wake? Yanatoa machozi."

Bi Pasi alitazama uso wa muuguzi, kisha wa msusi, kisha wa mdogo wake, akitafuta mahali pa kuazima jibu. Nyuso zote zilikuwa zinamngoja yeye.

"Sinusi," alisema.

"Hunusi limau?"

"Sinusi kitu. Tangu nikiwa hotelini. Klorini ilininyang'anya."

Mdogo wake alikunjua mikono. "Tangu hotelini? Dada, ile ni miaka."

"Ni miaka."

"Na gesi je? Na chakula kikiungua?"

"Ndiyo maana nakaa jikoni nakitazama," alisema. Sauti yake haikuwa na ugomvi. Ilikuwa kama sauti ya mtu anayetua ndoo. "Mlisema nyumba inanuka. Nikajua ni mama. Nikasema nimsafishe kabla hamjamchukua."

Msusi alimgeukia taratibu.

"Wifi, nani alisema mama ananuka?"

"Wewe. Ulijifunga mtandio puani."

"Mimi nilijifunga kwa ajili ya klorini." Alisema kwa sauti ya chini, akimkazia macho. "Nyumba yako inachoma macho kama bwawa la kuogelea. Kila Jumapili nikitoka pale kichwa kinagonga. Mama hajawahi kunuka. Hata siku moja. Nilikuletea yale mafuta uyatie kwenye ndoo badala ya klorini."

"Niliyatia yote mawili."

"Mungu wangu," alisema muuguzi, akarudi kukaa kitini. "Usirudie kuichanganya klorini na kitu kingine. Mafuta, siki, dawa ya choo, chochote. Mngekufa wote wawili, wewe na yeye."

Mama alikuwa amefumba macho chini ya kitambaa baridi, uso umelegea, kama mtu ambaye hatimaye amepata alichokuwa akikiomba kwa lugha isiyoeleweka.

Ndipo mdogo mtu akasema tena, lakini safari hii bila ile nguvu ya mwanzo, "Bado nasema nimchukue."

"Haya," alisema Bi Pasi.

Alilisema kwa kweli. Hakuwa na kitu cha kupigania tena. Aliona kitanda kitupu, na hakukionea haya. Alianza hata kueleza: anageuzwa upande wa kushoto kwanza, maana wa kulia hausikii, uji uwe mwepesi, akikohoa umwinamishe mbele, nepi ya mchana na nepi ya kulalia si moja, bandeji sasa kila siku, na shuka isiwe na mkunjo chini ya nyonga, mkunjo mmoja tu unatosha. Alieleza polepole, jambo baada ya jambo, na kadiri alivyoeleza ndivyo mdogo wake alivyoanza kumtazama mkewe, na mkewe kuitazama sakafu.

"Mimi nafungua saluni asubuhi," alisema msusi mwishoni, "nafunga giza likiingia. Wewe dukani hivyo hivyo. Nani atamgeuza?"

"Tutatafuta mtu."

"Mara ile pia tulisema tutatafuta mtu."

Mdogo mtu alipapasa mfuko akatoa pakiti ya sigara, akakumbuka alipo, akairudisha. Hakusema amekubali. Alitoka nje kuleta gari karibu na ngazi, na alipowapakia wote alielekea kwa dada yake bila kuuliza waende wapi.

Kwa hiyo mama alibaki, na Bi Pasi hakuhisi kwamba ameshinda. Mtu anayeshinda hupewa kitu. Yeye alirudishiwa kile kile alichokuwa nacho, pamoja na bandeji. Chupa ya kahawia aliifunga ndani ya mifuko miwili na kuitupa. Kiti cha magurudumu sasa kilikaa upande wa ukuta wenye kivuli, na shuka pekee ndizo zilizoendelea kuanikwa juani. Klorini aliiacha kwenye dumu lake nje, na sakafu aliipiga deki kwa sabuni ya kipande na maji, kazi iliyomtia wasiwasi kila siku, maana macho hayakuwasha tena na hakujua pa kusimamia.

Hilo ndilo lililomleta msusi. Alikuja jioni ya kwanza akasema anapita tu. Jioni ya pili hakutoa sababu. Jioni ya tatu aliingia na mkoba wake wa kazini, vitana vikichungulia, akauweka mezani juu ya mabaka ya vanishi.

"Nimeleta pua," alisema. "Nionyeshe kazi."

"Usinichekeshe, mbavu zinaniuma."

"Sikuchekeshi. Anza na ndoo."

Alinusa ndoo. Alinusa godoro, akiwa ameinama na kushika nywele zake zisiguse. Alinusa pazia, akasema pazia lina vumbi. Alifungua sufuria jikoni, akasema maharagwe yamechacha, na Bi Pasi, ambaye alikusudia kuyala, akayamwaga. Kisha akafika kitandani. Mama alikuwa macho. Malengelenge yalikuwa yamekauka na kuacha ngozi nyeusi, na alama ya vidole ilikuwa imekolea kuliko ilivyokuwa siku ile, kama wino. Msusi aliitazama, akatazama pembeni. Bi Pasi alikuwa ameshasimama upande wa pili, mikono imeegemea ukingo wa kitanda, akimkodolea uso mke wa mdogo wake kama alivyokuwa akiwakodolea wenzake juu ya meza ya kukunjia.

"Usinitazame hivyo," alisema msusi. "Niulize."

Bi Pasi alikawia. Mdomo haukuzoea.

"Ananuka?"

Msusi aliinama, akaweka pua kwenye shingo ya mama mkwe wake, chini ya sikio, mahali ambapo hakuna bandeji, akavuta pumzi bila haraka.

"Sabuni," alisema. "Na uji kidogo, hujamfuta vizuri kidevu. Na harufu ya mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu, wifi. Mtu mzee aliyeoga."

Bi Pasi aliitikia kwa kichwa. Alichukua kitambaa akamfuta mama kidevu, kisha akapitisha mkono mmoja chini ya bega na mwingine chini ya nyonga.

"Basi mshike huko," alisema. "Tumgeuze."